Unga wa Kijani Kutoka Kiptere

Watu wakisikia kwamba mtu anaishi nje ya nchi yake, huwaza ndege na theluji. Mimi nilitoka Mwanza kwa basi, nikavuka mpaka wakati wa chai ya saa nne, na kabla jua halijazama nilikuwa nje kidogo ya Litein, mji wa upande wa Kericho, nimesimama katika ua wa mama mkwe wangu, viatu vimejaa udongo mwekundu, nikitazamwa. Mashamba ya chai yalianza nyuma ya jiko na kushuka hadi kijitoni. Nilikuwa sijawahi kuona kijani kingi namna ile mahali pamoja.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Tulikutana Mwanza alipokuja na kampuni ya kujenga barabara. Mkataba ulipokwisha akarudi kwao, nami baada ya ndoa nikamfuata. Nilipata kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule moja ya kibinafsi karibu na mji. Wanafunzi walinizoea upesi, walifurahi kwamba nasema "naomba" hata ninapodai madaftari yao. Mama mkwe ndiye aliyetatizika.

"Huyu anaomba kila kitu," alimwambia mwanawe siku moja, mimi nikiwa hapo hapo nikichambua mboga. "Kwani tumemnyima nini?"

Alikuwa mjane, mrefu, mkavu wa mwili, na hakuna mtu kijijini aliyemshinda kuchuma chai. Kiswahili alikuwa amejifunzia sokoni na kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, akakifanya chake. Herufi nyingine zilibadilishana nafasi mdomoni mwake bila kumwomba mtu ruhusa. Hatukugombana kamwe. Lakini hatukuzungumza sana pia. Mimi nilikuwa mke wa mwanawe aliyetoka mbali, asiyejua kubeba kikapu cha chai mgongoni bila kukimwaga, na naona alikuwa akingoja kujua mimi ni mtu wa namna gani.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa salama, ila mimi nilipoteza damu nyingi. Hospitali waliniongezea damu, wakanipa vidonge vya madini ya chuma, wakaniruhusu kwenda nyumbani. Vidonge vile vilinitapisha. Nikisimama ghafla, kuta za nyumba zilizunguka. Nikimnyonyesha mtoto, nilihisi kana kwamba ananyonya hadi mifupa.

Mama mkwe alihamia jikoni kwangu. Alinipikia uji wa wimbi, maini ya ng'ombe, na isageek, mboga ile chungu ambayo sisi Mwanza twaiita mgagani. Alinipa mursik, maziwa yao ya kibuyu yenye masizi. Aliketi mbele yangu mpaka bakuli liwe tupu. Kisha alinivuta kope ya chini kwa kidole gumba, akatazama ndani ya jicho.

"Bado tamu yako ni kidogo," alisema.

Mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo nilidhani ananiambia kwamba sina utamu, kwamba mwanawe alioa mwanamke asiye na ladha. Nilijifunika uso kwa khanga. Ni mume wangu aliyeniambia, huku akijizuia kucheka, kwamba mama anazungumzia damu.

Nilipokuwa chuoni niliwahi kuugua malaria iliyoniacha bila nguvu, na mama yangu mdogo, aliyefanya kazi katika kliniki ya watoto, akawa ananikorogea uji wenye unga wa kijani kibichi kilichokolea hadi kukaribia weusi. Ulikuwa unga wa spirulina, mwani mdogo mno usioonekana kwa jicho, uliofugwa kwenye matangi na kukaushwa. Nikaukumbuka unga ule, nikampigia simu. Mradi wao wa kufuga mwani ulikuwa umefungwa zamani, akasema, hana hata kijiko.

"Na usiufanye dawa," aliniambia. "Ni chakula, basi. Waulize wanaokutibu kwanza. Halafu ujue umetoka kwenye maji gani. Hilo la maji ndilo kubwa, mwanangu. Mwani hunywa kila kilichomo majini, kizuri na kibaya."

Siku ya kumpeleka mtoto chanjo nilimweleza sista wa kliniki, mama mkwe akiwa ameketi kando yangu. Sista alikwenda kumuuliza daktari, akarudi.

"Vidonge utakunywa, mwalimu. Tunakubadilishia vingine, na uvinywe na chakula. Huo unga ukiupata, kijiko kidogo hakina shida. Lakini kama hujui umetengenezwa wapi, usiguse. Unanyonyesha."

Basi nikaanza kutafuta. Na hapo ndipo nilipojua kweli kwamba niko ugenini. Mwanza ningejua nimuulize nani. Ningejua dada wa nani anafanya kazi wapi, na yupi husema kweli. Litein nilijua njia ya shule, njia ya kanisa na njia ya soko. Mume wangu alipokwenda Kericho kununua vyuma alipita kwenye duka la dawa, akakuta kopo zuri lenye picha ya jani, limetoka ng'ambo. Bei yake ilikaribia bei ya ndama. Alilipiga picha, akaniletea picha.

Kwenye simu nilimpata muuzaji mwingine aliyedai kuwa Nairobi. Unga wake, kwa maelezo yake, uliponya kisukari, presha, ugumba na uzee. Nilimwandikia: naomba kujua umelimwa wapi. Alinijibu kwa kunitumia kichoro cha moyo mwekundu. Nikamuuliza tena, akapunguza bei. Nikamuuliza tena, akapunguza zaidi. Niliizima simu nikaiweka chini ya mto. Kitu kinachoshuka bei kila unapouliza kwao ni wapi sikukitaka kipite kwenye maziwa ya mwanangu.

Mama mkwe alikuwa ameyasikia yote. Aliniuliza hicho kitu hasa ni nini. Nilimweleza nilivyoweza, neno la lugha yao, Kikipsigis, sikuwa nalo, na yeye neno mwani hakuwa nalo. Mwishowe nilimwonyesha picha ya tangi lenye maji ya kijani. Akaisogeza karibu na macho.

"Hii iliua ng'ombe yangu," alisema.

Akanisimulia. Mwaka mmoja wa kiangazi kijito kilikauka, ng'ombe wakawa wanakunywa kwenye dimbwi huko chini. Maji yalikuwa yamefunikwa na utando wa kijani kama rangi ya nyumba. Ng'ombe wake bora, aliyekuwa akisomesha watoto kwa maziwa yake, alikunywa mchana, akaanza kutetemeka, na jioni hakukuwa na wa kukamuliwa.

"Na wewe unataka kunyonyesha mtoto ya kijana yangu na hiyo," alisema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesoma maandishi ukutani. Kisha akatoka kwenda kuchuma chai.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kesho yake alirudi kutoka kituo cha kununulia majani, akatua kikapu, akajisafisha mikono, akaniambia kwamba amewauliza watu. Karani wa pale, mtu wa kuzungukazunguka, alimwambia kuna mwanamke Kiptere anayefuga kitu hicho katika matangi.

"Tutaenda kuona," alisema. "Kama maji ni mbaya, tunarudi."

Siku ya safari alivaa nguo zake za kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Mtoto alimfunga mgongoni mwake mwenyewe. Mimi nilibeba mfuko wa nepi na chupa ya maji tu, na hata huo ulinilemea. Tulipanda gari hadi Kericho, tukabadilisha lingine la Kiptere, na kila tulipoteremka au kupanda alinishika kiwiko bila kunitazama.

Kiptere kuna joto kuliko kwetu. Nilihisi mabega yangu yakilegea. Mwanamke tuliyemfuata alikaa nyuma ya soko, kwenye shamba dogo lenye chai upande mmoja na migomba upande wa pili. Alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa ziwani, aliyeletwa huku akiwa mdogo, baba yake alipoajiriwa katika shamba kubwa la chai. Yeye mwenyewe alifanya kazi kiwandani hadi mashine mpya zilipowaondoa wengi, akapata mafunzo ya kufuga mwani kupitia kanisa lao. Nilipomwamkia aliinua kichwa.

"Wewe si wa huku. Wewe ni wa Mwanza."

"Ndiyo, dada."

"Mimi ni wa ziwa hilohilo, upande huu."

Mama mkwe alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Basi nyinyi wawili mmekunywa maji moja," alisema. Mwenyeji alitukaribisha chai. Mama mkwe akakataa kuketi. "Kwanza nione."

Matangi yalikuwa mawili, ya saruji, chini ya paa la plastiki ya kupitisha mwanga. Ndani yake maji ya kijani kilichoiva yalizunguka polepole yakisukumwa na kafi ya mbao iliyofungwa kwenye mota ndogo. Palinukia majani mabichi na magadi. Mama mkwe aliyazunguka yote mawili, mtoto amelala mgongoni, akainama, akanusa.

"Maji inatoka wapi?"

"Kisima kirefu, mama. Kile pale, kimefunikwa."

"Mvua inaingia?"

"Haiingii."

"Ng'ombe iko karibu?"

"Ng'ombe wako kule chini. Maji yao hayawezi kupanda huku."

Ndipo akamwambia habari ya ng'ombe wake. Nilimtazama yule mwanamke nikiogopa atacheka, maana nimewaona wasomi wakicheka hadithi za namna hiyo. Hakucheka. Alipangusa mikono kwenye aproni.

"Pole, mama. Ng'ombe wako aliuawa na ndugu mbaya wa hii. Ziwani kwetu yupo, hata huyu wa Mwanza anamjua. Maji yakigeuka rangi ya kijani tulikatazwa kuchota. Hii yangu mbegu yake niliinunua safi, na naifuga kwenye magadi makali. Humu yule ndugu ni vigumu kuishi. Lakini sitegemei macho yangu tu. Kila nikivuna napeleka kidogo maabara Kisumu, waangalie sumu ya yule ndugu, waangalie madini mabaya kama risasi, waangalie na vijidudu vya uchafu."

Mama mkwe aliniangalia, kama anayeuliza: ni hivyo? Nikaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jibu la kwanza nililolipata tangu nianze kuuliza, nikahisi kutaka kulia, kwa sababu nilikuwa dhaifu na machozi yalikuwa karibu siku zile.

"Basi dada, tuuzie," nilisema.

Alitazama tangi, akatazama mtoto.

"Siwezi," alisema. "Maabara walinipigia simu jana. Sumu hakuna, risasi hakuna, lakini vijidudu vimezidi. Ni mvua. Unga unakaa siku nyingi kwenye chekecheke bila kukauka, nzi wanaukalia, vumbi linaingia. Mtu angeupika kwenye uji labda asiumwe. Lakini wewe una mtoto wa kunyonya."

"Iko ngapi?" mama mkwe aliuliza.

Mwanamke aliingia ndani, akatoka na ndoo kubwa yenye kifuniko. Alikifungua. Ilikuwa imejaa hadi shingoni, unga mkavu, wa kijani kile kile nilichokikumbuka. Kazi ya msimu mzima.

"Utafanya nini na hiyo?"

"Nitaimwaga shimoni leo."

"Mwaga nione," alisema mama mkwe.

Niliona haya kwa niaba yake. Yalikuwa maneno mazito kumwambia mtu nyumbani kwake. Lakini yule mwanamke aliiinua ndoo, akaenda hadi shimo la taka pembeni mwa migomba, akaimimina yote. Vumbi la kijani lilipanda, likamkaa mikononi na kwenye nyusi. Aliigonga ndoo kwa kiganja mpaka ikatoa sauti ya utupu. Alisimama pale akitazama shimo, midomo ameibana.

Mama mkwe alimfungua mtoto mgongoni, akanikabidhi. Alichukua jembe lililoegemezwa ukutani, akaanza kufukia. Katika nguo zake za kanisani, kitambaa cheupe kichwani, alivuta udongo kwa nguvu zile zile anazopalilia nazo mahindi. Mwanamke wa Kiptere alichukua koleo, wakafukia pamoja. Nilisimama na mtoto kifuani, nikamtazama yule mzee mwenye udongo kwenye pindo la gauni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nilijisemea moyoni: huyu ni mama yangu.

Walipomaliza, alinawa, akaketi kwenye kiti.

"Sasa nitakunywa chai yako," alisema.

Wakati wa chai yule mwanamke alinieleza tatizo lake vizuri. Alihitaji sanduku la kukaushia, la vyuma, lenye plastiki angavu juu na wavu laini pembeni, pamoja na feni ndogo ya kusukuma hewa. Alishawauliza mafundi wawili, hakuna aliyemwelewa. Nilimwomba achore. Alichora na kijiti kwenye udongo, nami nikapiga picha kwa simu.

Garini wakati wa kurudi nilisema kwamba tunarudi mikono mitupu. Nilikuwa nimechoka na nafikiri nilisema kwa uchungu.

"Tumepata mtu," mama mkwe alinijibu. "Unga itakuja."

Jioni hiyo, kabla mume wangu hajamaliza kunawa, mama yake alikwisha anza. Walizungumza Kikipsigis, nami nilisikia jina la Kiptere likirudi mara nyingi. Kisha akageuka kwangu. "Mwonyeshe picha."

Mume wangu aliitazama ile michoro ya udongo, akaikuza, akaipindua simu. Nilimweleza kila kitu nilichoelezwa: hewa iingie wapi, itoke wapi, kwa nini trei zisigusane. Aliniuliza maswali, nikajibu. Aliniuliza jambo nisilolijua, nikampigia simu mwenyewe wa Kiptere. Siku zilizofuata ua wetu ulijaa cheche na kelele za vyuma. Mama mkwe alishika utepe wa kupimia. Walibishana juu ya kimo cha mlango, mama akisema yule mwanamke si mrefu, atachoka kunyanyua mikono, mlango ukashushwa. Mimi nilikaa kivulini, mtoto mapajani, nikishona wavu kwenye fremu za trei kwa uzi wa nailoni. Ilikuwa kazi ya kukaa tu, lakini ilikuwa kazi yangu, na fremu zilipoingia mahali pake bila kubana wala kulegea, mume wangu alizigongagonga kwa kidole na kusema, "Hizi zimekaa." Yeye hasifu ovyo.

Sanduku lilipelekwa Kiptere kwa pikapu ya kuazima. Likafungwa, likawashwa. Tukangoja mavuno.

Simu ilipigwa nikiwa namwogesha mtoto. Yule mwanamke alizungumza haraka, nusu Kiswahili nusu lugha yake, hata nikamwomba arudie. Maabara walikuwa wamemjibu. Safi, kila kitu. Alirudia neno hilo, safi, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amebana pumzi muda mrefu.

Kopo la kwanza lilikuja la plastiki nyeupe, limefungwa vizuri, tarehe ya mavuno imeandikwa kwa mkono. Bei yake tuliimudu bila kuuza kitu. Nilikuwa tayari nimeshika kijiko mama mkwe alipoliondoa kopo mbele yangu.

"Mimi kwanza," alisema. "Kesho nikiamka mzima, utakula."

Nilimwambia maabara imekwisha pima. Alisema maabara haimjui mjukuu wake. Akakoroga kijiko kwenye uji wake wa wimbi, uji ukageuka rangi ya kinyesi cha ndama, akaunywa wote akiwa amesimama, bila kubadili uso.

"Inanuka samaki," alisema. "Wewe utapenda. Mtu ya ziwa."

Kesho yake aliamka mzima, akaenda kuchuma chai kabla ya watu wote, na aliporudi alinikorogea wa kwangu.

Baada ya muda nilirudi kliniki. Nilikuwa nimekunywa vidonge vipya bila kutapika, nimekula kila bakuli nililowekewa, na kijiko changu cha kijani kila asubuhi. Niliweza kupanda kilima cha shule bila kusimama katikati. Sista alinichoma kidole, akapima, akatabasamu.

"Damu imepanda vizuri sana, mwalimu."

Nilianza kumsifia unga wa Kiptere. Sista akainua mkono. "Ni vidonge, ni maini, ni mboga, na huo unga pia. Usimpe mmoja sifa zote."

"Na mimi?" mama mkwe aliuliza kutoka benchini.

Sista alimgeukia, akaona kwamba hatanii. "Na wewe mama. Wewe zaidi."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelipwa haki yake, akaupanga upya mkunjo wa gauni.

Habari zilisambaa, kama zinavyosambaa kijijini. Siku moja chama cha akina mama kilikutana kwetu, na mwanamume mmoja mwenye mkoba akaomba nafasi ya kusema. Akapanga makopo mezani, ya kijani, yenye maandishi ya dhahabu. Alisema ni mwani wa ajabu, unaponya hata magonjwa ambayo hospitali imeshindwa; ukianza kuutumia, vidonge vya presha unatupa. Jirani yetu mmoja, anayemeza vidonge hivyo kila siku, alikuwa tayari amefungua pochi.

"Hiyo imetoka maji gani?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, hii imetoka ng'ambo."

"Ng'ambo ni kubwa. Maji gani?"

Mtu yule alicheka kidogo, akawatazama wengine wamsaidie. Mama mkwe akanyoosha kidole kwangu.

"Huyu pia ametoka ng'ambo. Lakini kwao najua. Mama yake nimeongea naye kwa simu. Hiyo yako kwao ni wapi?"

Aligeuza kopo moja, akapitisha kidole kwenye maandishi yake. Mama mkwe akaniambia, "Mwalimu, waambie."

Nikasimama. Sikuwa nimewahi kusema neno katika kikao kile zaidi ya salamu na sala. Niliwaambia kwa Kiswahili kwamba chakula cha namna hii kipo, ni kizuri, mimi mwenyewe nakila. Kwamba hakiondoi vidonge vya mtu. Kwamba usinunue kama muuzaji hawezi kusema kimelimwa wapi na nani amekipima. Na kwamba mtu akitaka, tutampeleka Kiptere akaone matangi kwa macho yake. Mama mkwe alitafsiri kwa Kikipsigis. Tafsiri yake ilikuwa ndefu kuliko maneno yangu mara kadhaa, na ndani yake nilisikia ng'ombe, nikasikia ndoo, nikasikia akina mama wakivuta pumzi hadithi ilipofika shimoni. Jirani alifunga pochi. Mwanamume akayakusanya makopo yake taratibu, akaaga kwa heshima, nasi tukampa chai kabla hajaondoka, kwa sababu hakuna anayetoka nyumba ile bila chai.

Mtoto wangu sasa anakimbia katikati ya mistari ya chai, na mwanamke wa Kiptere ameongeza tangi la tatu. Mume wangu amemtengenezea sanduku la pili.

Juzi nilipigiwa simu na dada mmoja kutoka Shinyanga, aliyeolewa upande wa Mulot kwenye mashamba ya ngano. Hatujawahi kuonana, namba yangu alipewa na mwalimu mwenzangu. Alikuwa amejifungua, damu iko chini, amekuta unga wa mwani kwenye simu kwa bei nzuri na anaogopa kuununua. Hajui watu, aliniambia. Hajui amuulize nani. Sauti yake ilikuwa yangu ya miaka ile.

Nilianza kumweleza. Mama mkwe, aliyekuwa akichagua mbegu za maharage kizingitini, alinyoosha mkono akaichukua simu. Alitoka nayo hadi mwanzo wa chai, akasimama huko mgongo ameugeuza, mkono mmoja kiunoni. Upepo uliniletea maneno machache machache. Alimuuliza kama amekwenda kliniki. Alimuuliza kama anakula maini. Halafu nikamsikia akisema, kwa sauti aliyoizoea kwenye kituo cha majani watu wakianza kusukumana: "Sisi hapa tunauliza maji kwanza. Mke wa kijana yangu ndiye alitufundisha."

Niliinama nikaendelea na maharage aliyoyaacha. Nilikuwa na uso ambao sikutaka auone.

Alirudi baada ya muda mrefu, akanipa simu ikiwa ya moto.

"Anakuja Jumamosi na mtoto," alisema. "Ufue ile blanketi kubwa. Mulot hakuna baridi kama hapa."